Ubora wa sauti hupimwaje? Njia ya kisayansi kwa anayejifunza ufundi mitambo

Fundi mitambo yeyote aliyekaa studio kwa muda wa kutosha anaifahamu hali hii. Anashika kitufe cha ikwalaiza, yaani chombo cha kupandisha au kushusha besi, trebo na sauti za kati, anakizungusha taratibu huku akisikiliza sauti ya mwimbaji, na anasikia waziwazi jinsi inavyofunguka: besi iliyokuwa imejaa inapungua, maneno yanatoka safi, hata pumzi zinasikika. Ameridhika na anataka kuhifadhi kazi, ndipo anapogundua kwamba ikwalaiza ile ilikuwa imezimwa tangu mwanzo, au ilikuwa imeunganishwa kwenye ngoma na si kwenye sauti ya mwimbaji. Mawimbi yaliyofika masikioni mwake yalikuwa yale yale kwa muda wote huo. Mabadiliko aliyoyasikia yalitengenezwa na ubongo wake, kwa sababu ulikuwa ukiyatazamia. Mimi limenitokea zaidi ya mara moja, na ninaliona kuwa somo la kwanza la ufundi huu, linalopaswa kutangulia somo la kompresa, la maikrofoni na la programu yoyote ya kompyuta.

Jambo hili lina maelezo. Sikio hupokea mitikisiko ya hewa, lakini kusikia hukamilika ubongoni, na ubongo haupokei taarifa za masikio peke yake: huzichanganya na kile ambacho macho yanakiona, na bei ya kifaa, na sifa ambazo wengine wamekimwagia, na fedha ambazo mtu amezitoa kukipata. Mwaka 1994 Floyd Toole na Sean Olive, watafiti waliokuwa katika kampuni ya Harman nchini Marekani, waliwaomba watu 40, wote waajiriwa wa kampuni hiyo, wazipe alama spika za aina nne, mara zikiwa zimefichwa nyuma ya pazia na mara zikionekana. Zilipoonekana, spika kubwa zenye sura ya kuvutia zilipanda alama, na zile ndogo za bei nafuu zikashuka, ingawa nyuma ya pazia zilikuwa zimefanya vizuri. Lililonishangaza zaidi niliposoma matokeo hayo ni kwamba kuziona spika kuliwapunguzia wasikilizaji uwezo wa kutambua tofauti za kweli: spika ilipohamishwa kutoka sehemu moja ya chumba hadi nyingine, sauti yake ilibadilika sana, na walipokuwa hawaoni waliyasikia mabadiliko hayo, lakini walipoona waliendelea kutoa alama zile zile.

Sisemi haya ili kuyadharau masikio. Muziki unatengenezwa kwa ajili ya masikio, na hakuna mashine itakayoamua kama gitaa la solo limekaa mahali pake. Ninachosema ni kwamba ushahidi wa masikio una thamani pale unapotolewa katika mazingira ya haki, na mazingira hayo yana masharti mawili ambayo anayejifunza anaweza kuyatimiza bila gharama kubwa.

Sharti la kwanza ni kulinganisha ukubwa wa sauti. Tukipewa nakala mbili za wimbo mmoja, moja ikiwa juu kuliko nyingine kwa desibeli moja tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) au hata pungufu, wengi wetu hatutasema kwamba ile iliyopandishwa iko juu. Tutasema iko safi zaidi, ina besi nzuri zaidi, ina uhai. Sababu moja ilichunguzwa na Harvey Fletcher na Wilden Munson wa maabara ya Bell, waliochapisha mwaka 1933 michoro inayoonyesha kwamba sikio halisikii masafa yote, yaani sauti zote kuanzia nzito hadi nyembamba, kwa usawa, na kwamba ukosefu huo wa usawa hubadilika kadiri ukubwa wa sauti unavyopanda. Sauti ikiwa imepunguzwa, besi ya hezi 100, yaani mitikisiko 100 kwa sekunde, inahitaji nguvu nyingi zaidi kuliko sauti ya katikati ya hezi 1,000 ili zisikike sawa. Sauti inapopandishwa, pengo hilo hupungua. Kwa hiyo kila kifaa kinachopandisha sauti hata kidogo hujipatia besi na sifa ambazo si zake. Programu nyingi za kuchakata sauti hupandisha kiwango zinapowashwa, na mnunuzi huondoka akiamini amenunua ubora.

Dawa yake ni kupima. Kwenye kompyuta, linganisha viwango kwa kipimo cha LUFS, ambacho kilitengenezwa ili kikaribie jinsi mtu anavyousikia ukubwa wa sauti. Kwa amplifaya na spika, piga mlio wa hezi 1,000 kisha pima volti pale nyaya zinapoungana na spika kwa mita ya kawaida ya fundi umeme, na usogeze kitufe cha sauti hadi tofauti iwe ndani ya desibeli 0.1, yaani takriban asilimia 1 ya volti: kama kifaa kimoja kinatoa volti 2.00, kingine kisizidi volti 2.02. Ni kazi ya dakika tano. Nimeshuhudia mabishano mengi yakimalizwa na hizo dakika tano kabla jaribio lenyewe halijaanza.

Sharti la pili ni kutojua kinachopigwa. Jaribio linalotumika zaidi huitwa ABX: msikilizaji husikia A, husikia B, kisha husikia X, ambayo ni mojawapo ya hizo mbili iliyochaguliwa kwa bahati nasibu, naye anataja ni ipi. Kama hakuna programu, rafiki anaweza kurusha sarafu nyuma ya pazia na kuandika matokeo, mradi asikae mahali ambapo uso wake au mkono wake utatoa dalili. Idadi ya majaribio ni muhimu kuliko watu wengi wanavyodhani. Mtu anayebahatisha ana nafasi ya asilimia 31 ya kupata angalau 3 kati ya 4, kwa hiyo kusema kwamba fulani alipatia mara tatu hakuthibitishi chochote. Lakini akipata 12 au zaidi kati ya 16, nafasi ya anayebahatisha kufika hapo iko chini ya 4 katika 100, na hapo tunaweza kuanza kumwamini. Kinyume chake pia kina mipaka: aliyeshindwa jaribio hajathibitisha kwamba tofauti haipo, ameonyesha tu kwamba siku ile, kwa wimbo ule na vifaa vile, hakuisikia. Hata hivyo, kama tofauti iliyodaiwa kuwa kubwa kama usiku na mchana inatoweka pazia linaposhushwa, nadhani ni haki kuiondoa kwenye orodha ya manunuzi.

Tuje sasa kwenye namba za dijitali, ambako madai ni mengi na ushahidi ni haba. Kompyuta hurekodi sauti kwa kuipima mara nyingi katika kila sekunde, na kila kipimo huitwa sampuli. CD, iliyoingizwa sokoni mwaka 1982 na Sony na Philips, hupima mara 44,100 kwa sekunde, na kila sampuli huandikwa kwa biti 16. Hapa sizungumzii biti ya mapigo ya wimbo, bali tarakimu ya sifuri au moja. Watangazaji wa vifaa hupenda kuchora wimbi laini likiwa limegeuzwa kuwa ngazi zenye kona, kisha wanadai kwamba sampuli zikiongezwa ngazi huwa ndogo na sauti hulainika. Mchoro huo unapotosha. Hisabati iliyojengwa na Harry Nyquist mwaka 1928, Vladimir Kotelnikov mwaka 1933 na Claude Shannon mwaka 1949 inaonyesha kwamba wimbi ambalo masafa yake yote yako chini ya nusu ya kasi ya sampuli linaweza kurudishwa lote, pamoja na umbo lake lililo baina ya sampuli na sampuli, kwa sababu kuna wimbi moja tu linaloweza kupita katika nukta zile zote bila kuvuka mpaka huo wa masafa. Nusu ya 44,100 ni 22,050, nalo sikio la kijana mwenye afya huishia karibu na hezi 20,000, na mpaka huo hushuka kadiri umri unavyosogea. Ngazi zile hazitoki kwenye spika.

Biti nazo zina kazi moja, ambayo ni kuamua umbali kati ya sauti kubwa kabisa na kelele ya chini kabisa ya mfumo. Kila biti huongeza takriban desibeli 6, kwa hiyo biti 16 hutoa karibu desibeli 96. Chumba cha kawaida mjini, hata usiku feni ikiwa imezimwa, huwa na kelele ya desibeli 30 hivi. Ili mtu azitumie desibeli 96 zote juu ya kelele hiyo, angelazimika kusikiliza kwa desibeli 126, kiwango kinachoumiza. Biti 24 zina faida halisi wakati wa kurekodi, kwa kuwa zinamruhusu fundi aache nafasi ya desibeli 10 au 15 juu ya sauti ya mwimbaji ili akipaza ghafla isikwaruze. Vilevile kasi kubwa ya sampuli husaidia ndani ya programu zinazokunja wimbi kwa makusudi, kama zile za kuigiza ukwaruzaji wa amplifaya ya gitaa, kwa sababu huzaa masafa mapya yanayohitaji nafasi. Hayo ni mahitaji ya karakana. Mezani kwa msikilizaji hali ni nyingine.

Mwaka 2007 Brad Meyer na David Moran walichapisha katika jarida la chama cha wahandisi wa sauti matokeo ya majaribio ambamo sauti yenye namba kubwa kuliko za CD ilishushwa hadi kiwango cha CD, na wasikilizaji wakaulizwa ni lini imeshushwa. Katika majaribio 554 walipatia 276, yaani asilimia 49.8, sawa na kurusha sarafu. Mwaka 2016 Joshua Reiss wa Queen Mary, chuo kikuu kilichopo London, alikusanya pamoja takwimu za tafiti 18 za aina hiyo na kupata asilimia 52.3, matokeo ambayo kwa wingi wa majaribio hayawezi kuelezwa kwa bahati tu, na wasikilizaji waliofundishwa walifanya vizuri kuliko wengine. Ninayataja yote mawili kwa kuwa mwanafunzi anayechagua ushahidi unaompendeza hana tofauti na muuza nyaya za spika anayeisifia bidhaa yake. Nikiyaweka pamoja, naona kwamba kama tofauti ipo ni ndogo mno, na kwamba fundi anayeanza ana mambo mengine yaliyoharibika mara mia zaidi.

La kwanza kati ya hayo ni chumba.

Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard kilikuwa na jengo jipya la makumbusho ya sanaa lililoitwa Fogg, ambalo ukumbi wake wa mihadhara haukufaa kwa mihadhara, kwa sababu neno lililotamkwa liliendelea kuvuma kwa zaidi ya sekunde tano na kuyafunika yaliyolifuata. Kijana mwalimu wa fizikia, Wallace Sabine, aliombwa atafute tiba. Usiku, mji ukiwa umetulia, aliingiza matakia yaliyoazimwa kutoka ukumbi mwingine wa chuo, akapiga filimbi ya kinanda cha upepo, akaizima, na kupima kwa saa muda ambao mlio ulichukua kufifia. Kisha akaongeza matakia na kupima tena, na kabla ya asubuhi akayarudisha yalikotoka. Alipogundua kwamba hata nguo alizovaa mwenyewe zilikuwa zikinyonya sauti na kubadilisha vipimo, alivitupa vipimo vingi alivyokwisha kuvikusanya na kuanza upya akiwa na mavazi yale yale kila usiku. Sijui mfano bora zaidi wa uaminifu katika fani hii. Kutokana na kazi hiyo alipata kanuni ambayo bado inatumika: muda wa mlio kubaki ni 0.161 mara ujazo wa chumba kwa mita za ujazo, ukigawanywa kwa jumla ya unyonyaji wa nyuso zote kwa mita za mraba (eneo la kila uso mara sehemu ya sauti unayoinyonya). Ukumbi wa Symphony Hall wa Boston, uliofunguliwa mwaka 1900, ulisanifiwa kwa msaada wake, na hadi leo unahesabiwa miongoni mwa kumbi bora duniani kwa muziki.

Kanuni hiyo inafanya kazi hata kwa aliyegeuza chumba cha kulala kuwa studio Mbagala au Mwembe Kuku. Chukua chumba cha mita 4 kwa 3, chenye kimo cha mita 2.7, kuta za tofali zilizopigwa plasta na sakafu ya saruji. Ujazo wake ni mita za ujazo 32.4, na nyuso zake zote ni karibu mita za mraba 62, ambazo zikinyonya asilimia 3 tu ya sauti zinaacha mlio ubaki kwa sekunde 2.8. Hapo hakuna maikrofoni itakayoleta sauti kavu. Ukiingiza vitu laini na vinene mpaka unyonyaji ufike mita za mraba 13, muda huo hushuka hadi sekunde 0.4, na mwimbaji yule yule na maikrofoni ile ile ya bei nafuu watasikika kama wamehamia studio nyingine.

Neno nililolitumia hapo, vinene, lina uzito. Trei za mayai zinazobandikwa ukutani katika studio nyingi za mitaani ni karatasi nyepesi; hunyonya kiasi fulani cha sauti za juu ya katikati, na baada ya hapo hazina msaada. Hazizuii mvua ya bati wala muungurumo wa bodaboda, kwa kuwa kuzuia sauti isipite kunahitaji uzito na kuziba nyufa, mambo ambayo trei haina. Wala hazigusi besi. Kitu chenye vinyweleo hunyonya vizuri pale unene wake unapokaribia robo ya urefu wa wimbi, na wimbi la hezi 100 lina urefu wa mita 3.4, hivyo robo yake ni sentimita 86. Sponji ya sentimita 5 huanza kufanya kazi kikamilifu karibu na hezi 1,700. Anayejaza kuta kwa sponji nyembamba anaondoa trebo peke yake na kubaki na chumba kinachovuma chini, ambacho kinasikika kama mtu anayezungumza ndani ya debe lililofunikwa blanketi. Afadhali godoro la sufi lililosimamishwa pembeni, likiacha nafasi ya hewa nyuma yake, au fremu za mbao zilizojazwa pamba ya mwamba (rockwool) ya sentimita 10 na kuwekwa kwenye kona, kwa kuwa konani ndiko besi hujikusanya.

Kanuni ya Sabine haitoshi kwa besi katika chumba kidogo, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Wimbi linalogonga kuta mbili zinazotazamana hujirudia juu yake lenyewe pale nusu ya urefu wake inapolingana na umbali wa kuta hizo. Kwa kuwa sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, ukuta wa mita 4 huchagua hezi 43, wa mita 3 huchagua hezi 57, na kimo cha mita 2.7 huchagua hezi 64, kisha vigawe vyake. Katika masafa hayo, sehemu moja ya chumba itakuwa na besi iliyovimba na nyingine itakuwa karibu haina kitu, na tofauti kati ya hizo mbili inaweza kufika desibeli 15 au 20. Fundi aliyekaa kwenye shimo la hezi 57 atapandisha besi ya wimbo mpaka aisikie, na wimbo huo ukipigwa kwenye daladala utatikisa vioo huku sauti ya mwimbaji ikizama. Atalaumu spika zake, atanunua nyingine, naye ataendelea kukaa kwenye shimo lile lile. Kusogeza kiti nusu mita kungemsaidia zaidi, na hakuna gharama. Ili kuliona tatizo kwa macho, programu ya bure ya Room EQ Wizard na maikrofoni ya kupimia vinatosha: mlio unaopanda kutoka masafa ya chini hadi ya juu hupigwa, na mchoro wa chumba hutokea papo hapo.

Linalofuata kwa uzito ni mahali pa maikrofoni. Sauti inayofika moja kwa moja kutoka mdomoni hupungua desibeli 6 kila umbali unapoongezwa maradufu, wakati mlio wa chumba hubaki karibu vile vile, na kwa hiyo kusogea kutoka sentimita 60 hadi 15 humpa mwimbaji desibeli 12 dhidi ya chumba. Maikrofoni zinazosikiliza upande mmoja huongeza besi zinaposogelewa, jambo ambalo fundi hulitumia au hulipunguza kwa ikwalaiza akijua limetoka wapi. Meza iliyo mbele ya mwimbaji nayo huirudisha sauti: ikiwa njia ya kupitia mezani ni ndefu kwa sentimita 34, nakala hiyo hufika ikiwa imechelewa kwa elfu moja ya sekunde, na mawimbi mawili hayo hufutana kwenye hezi 500, 1,500, 2,500 na kuendelea hivyo. Sauti hutoka na tundu ambalo hakuna ikwalaiza inayoliziba. Taulo juu ya meza, au stendi ya mashairi iliyoinamishwa, humaliza shida.

Masikio nayo hufundishika, na mafunzo yake ni ya kuchosha kama ya mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarabu, anayerudia maqam moja, yaani mpangilio mmoja wa noti, mwezi mzima. Mtu hupandisha masafa fulani ya wimbo anaoujua, akianza na desibeli 12, kisha 6, kisha 3, huku kompyuta ikichagua masafa kwa bahati nasibu na yeye akijaribu kuyataja bila kutazama. Olive alipolinganisha wasikilizaji waliofundishwa na wasiofundishwa, katika utafiti wa mwaka 2003 uliohusisha watu zaidi ya 250, aligundua kwamba makundi yote mawili kwa jumla yalizipenda spika zile zile, lakini waliofundishwa walitoa majibu yasiyoyumba. Kwangu mimi hiyo ndiyo habari njema kubwa katika fani nzima, kwa maana inamwambia mwanafunzi kwamba uzuri wa sauti si siri ya wachache.

Sikio lakini ni chombo kisicho na vipuri. Taasisi ya afya kazini ya Marekani, NIOSH, inapendekeza mtu asikae katika desibeli 85 kwa zaidi ya saa 8 kwa siku, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu. Kwa desibeli 100, ambazo ni za kawaida mbele ya spika za harusi, muda unaopendekezwa ni dakika 15, naye fundi mitambo huwa amesimama pale tangu alasiri hadi bibi harusi anapoondoka. Viziba masikio vya bei ndogo, vilivyokaa vizuri, hupunguza desibeli 20 au zaidi. Nami hubeba jozi mbili mfukoni, moja yangu na moja ya yule kijana anayenisaidia kukunja nyaya.